Nyumba Isiyovuja

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kama si mzima sana, basi angalau uwe na nguvu za kunigombeza.

Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, mwenye nyumba ni yule yule, na mlango bado haufungi mpaka uuinue kwa goti. Kaka hajaniandikia tangu ahamishiwe mgodini. Kama amekuandikia wewe nitanuna, kwa hiyo usiniambie. Sikio lako vipi? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nina homa ukanijibu hongera, nikajua bora turudi kwenye karatasi.

Sasa la maana. Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu napima upepo, ukacheka mpaka ukakohoa. Ni hivi. Tunafika kwenye nyumba, tunafunga turubai jekundu kwenye mlango wa mbele, na katikati ya turubai tunaweka feni kubwa. Feni inavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Nyumba ikinyonywa namna hiyo, hewa ya nje inatafuta kila ufa iingie, na kipimo kinatuambia nyufa zote zikikusanywa pamoja ni kubwa kiasi gani. Tunapita mtaa kwa mtaa ili serikali iandike sera ya kuhifadhi nishati, watu wasichome mafuta na mkaa kuipasha joto barabara.

Safu yenu ya nyumba za kiwanda imeangukiwa na kura. Mimi sitakuja, maana kanuni inakataza mtu kupima kwa ndugu yake. Atakuja mwenzangu tunayemwita Kimya. Ukimsikia anasema sentensi tatu ujue amekupenda. Anatafuta nyumba zinazovuja, ndiyo kazi yetu. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, tumeapishwa tusiwafundishe watu cha kujibu. Mkaribishe tu, na uwaambie majirani wamfungulie.

Kipupwe kinakuja na kifua chako nakijua. Niambie ukweli kuhusu kikohozi.

Mwanao,
uliyempa jina la Mpima Upepo


Tarehe 16 Machi

Kwa Mpima Upepo wangu,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba mbili, moja ya akiba.

Sisi huku tupo. Cherehani inakula uzi kama mbuzi, lakini inashona. Kaka yako kaandika, nuna ukitaka. Jirani yangu Fundi Saa anakusalimu, anasema ile saa ya mkononi uliyomwachia imepona na inakusubiri. Yeye na mimi bado tuna utaratibu wetu: asubuhi akiamka anagonga ukuta mara mbili, nami nagonga mara mbili. Sikio langu halisikii mlio huo, ila nikiweka kiganja ukutani nasikia vizuri. Ndiyo salamu yetu ya wazee, kwamba nimeamka, na wewe je.

Kifua hakijambo. Kikohozi ni cha asubuhi tu, kinanisaidia kutoka kitandani.

Sasa hayo ya kuvuja. Nimesoma pale nikaiweka barua mezani nikaitazama. Inavuja nyumba ya nani? Paa hili alilipanda marehemu baba yako kwa miguu yake, mimi nikiwa nimemshikia ngazi, na tangu siku ile halijadondosha hata tone. Hivi unajua kuvujiwa ni nini? Mwenzetu wa nyumba ya mwisho alivujiwa mbele ya wakwe zake, akazunguka na masufuria sebuleni kukinga maji, na mpaka leo jina lake ni Mama Sufuria. Sitaki ofisi yenu nzima isimame kwenye veranda iseme, huyu Mpima Upepo anayejidai hapa, kumbe shangazi yake analala ndani ya chujio.

Kwa hiyo nimewaita wenzangu tukakaa. Wewe ni mtoto wa safu hii. Hatutakuaibisha. Mengine utayasikia kwa huyo Kimya wako.

Shangazi yako


Tarehe 1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, salamu leo ni fupi. Barua yako nimeikuta ofisini asubuhi hii, nikitokea safari ya vipimo, na sijakaa kitini.

Nisikilize vizuri. Kosa ni langu, nimekuandikia neno la kazini kama vile na wewe umesomea kazi yangu. Kuvuja kwetu si mvua. Ni hewa. Paa lako zima kabisa, baba apumzike kwa amani. Tunatafuta nyumba zinazopitisha baridi, na nyumba inayovuja sana ndiyo itakayotengenezwa kwanza, bila wewe kutoa chochote: madirisha mapya, milango inayofunga, dari, na jiko la kupashia joto lenye bomba la kutolea moshi nje. Nyumba iliyobana haipati kitu. Ndiyo maana nililala usingizi mzuri siku kura ilipoiangukia safu yenu, kwa sababu nilikulia humo na najua upepo unavyoingia. Nilijua kipupwe kijacho kifua chako kitapona.

Sasa nimevunja kiapo na basi.

Tafadhali usizibe chochote. Usifagie hata. Acha nyumba ilivyo, wazuie na wenzako. Kimya ameshaondoka. Hii naipeleka posta kwa miguu yangu, na jioni nitampigia Fundi Saa kama simu yake haiko mezani vipande vipande.

Mwanao


Tarehe 5 Aprili

Mpima Upepo, mwanangu mwenye bahati,

Utakuwa mzima, maana leo hata mimi ni mzima. Nakuandikia mikono ikinuka gundi.

Alikuja! Ngoja nikusimulie toka mwanzo. Siku zile zote tulikuwa kazini. Mimi nilitoa magunia yangu ya vipande vya nguo, yale uliyokuwa ukinicheka kwamba nawawekea panya mahari. Kila ufa wa kila nyumba tukaushindilia. Mama Sufuria alikoroga uji mzito wa unga tukabandika magazeti kuzunguka madirisha, kisha chokaa juu, huoni kitu. Fundi Saa alikwenda nyumba kwa nyumba na miwani yake ya jicho moja, anaziba matundu ya funguo kwa pamba na kile kikoleo cha saa. Chini ya milango nilishona mito mirefu ya vitambaa, mshono wa mara mbili, imelala pale kama paka. Dirisha la chumbani nilipungukiwa, nikaliziba kwa gauni lako la shule. Limetosha kabisa.

Kimya wako kafika. Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Akatabasamu. Akatazama madirisha, akanitazama mimi, akatazama tena madirisha.

"Mnaishi hivi, Mama?"

"Ndivyo tunavyoishi."

"Siku zote?"

"Siku zote," nikasema, na Fundi Saa nyuma yangu akadakia, "Tangu enzi za kiwanda!"

Basi akafunga turubai lake, akawasha feni. Mwanangu, nyumba ilinyamaza. Hata mimi kiziwi nilijua imenyamaza. Akatoa kichupa chake cha moshi, akaupitisha pembeni mwa dirisha, moshi ukasimama wima kama mtoto aliyeambiwa asitikisike. Kwingine, akaniambia, huwa unakimbia. Akasoma kipimo akasema neno moja: "Imebana." Tukapiga makofi safu nzima! Nyumba zote alizopima, imebana, imebana. Ya Fundi Saa ndiyo ya kwanza kwa kubana, na mzee amevimba kichwa, anatembea barabarani kama bwana harusi.

Umeona? Nilikuambia hatutakuaibisha.

Shangazi yako, mwenye nyumba isiyovuja

Nimekumbuka: Fundi Saa anasema ulimpigia, lakini simu ilikuwa mezani imefunguliwa, aliikuta tu imeandika jina lako. Kulikuwa na nini?


Tarehe 29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Kaka ameniandikia hatimaye, anasema mgodini kuzuri, ambayo ni njia yake ya kusema hakuzuri. Mwenye nyumba ameutengeneza mlango na sasa haufunguki.

Naamini barua yangu ya tarehe mosi imeshakufikia, kwa hiyo unajua. Nimezungumza na Kimya. Nilimuuliza kama aliona vitambaa, akasema aliona, hata gauni alilitambua kuwa ni gauni. Sikumlaumu. Kanuni yetu inasema nyumba hupimwa jinsi inavyokaliwa. Mtu akiishi na blanketi mlangoni, blanketi ni sehemu ya mlango. Ndiyo maana alikuuliza mnaishi hivi, akakuuliza tena siku zote. Alikuwa anakupa nafasi, Shangazi. Ninyi mkamjibu kifua mbele.

Nilikwenda kwa mkubwa wetu wa kitengo. Nilimweleza yote, mpaka nikamweleza Mama Sufuria ameitwaje hivyo. Alicheka, si mtu mbaya. Kisha akasema kila mtaa ukirudiwa kwa sababu mpimaji fulani ana shangazi pale, sera itaandikwa na wajukuu zetu. Vipimo vimeingia. Safu yenu imehesabiwa miongoni mwa zilizobana, na kwa sababu nyumba kama hizo zilijengwa na viwanda sehemu nyingi, sasa inasemekana nyumba zote za namna hiyo zimebana. Hazitatengenezwa. Si kipupwe hiki wala kijacho.

Sijui nikuambie nini. Mlinipigia makofi, na makofi hayo yamewafungia mlango.

Ombi langu ni moja: vitoeni hivyo vitambaa. Hamna tena wa kumwonyesha. Mficha maradhi, Shangazi, unajua mwisho wake, wewe ndiye uliyenifundisha.

Mwanao


Tarehe 23 Mei

Mpima Upepo,

Marahaba.

Barua yako ya kunizuia ilifika turubai limeshakunjwa na mgeni ameshaondoka. Niliisoma nikaikunja. Hii nyingine nimeisoma pia.

Kumbe huko kwenu aibu ndiyo inayojengewa mlango mpya. Anayejisitiri anaachwa na baridi yake. Ningejuaje? Maisha yangu yote nimewashonea watu nguo wafunike viraka, sasa nianze uzeeni kuwaambia wavitoe nje vionekane! Nilifikiri neno kuvuja nalijua, nimelijua kabla hujazaliwa.

Wenzangu sijawaambia. Fundi Saa bado anatembea na ule ushindi wake. Unataka nisimame katikati ya safu niseme yale makofi tulijipiga mashavuni? Sitasema, na wewe usiseme.

Vitambaa havitoki. Kwanza nikivitoa, huyo mkubwa wako akituma mtu atasema Mpima Upepo alituma ndugu zake wadanganye, na kibarua chako kitaota nyasi. Pili, baridi imeingia, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa nyumba ina joto. Mafuta ya hita yamepanda hayashikiki, tumerudi kwenye jiko la mkaa. Fundi Saa analala na lake chumbani, miguuni. Anasema ni bora kuliko mke, lina joto na halimuulizi alikuwa wapi. Anagonga ukuta asubuhi, analalamika kichwa kinamuuma kidogo, uzee huo.

Umenena nimesikia. Usiniandikie tena habari za vitambaa.

Shangazi yako


Tarehe 10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia habari za vitambaa.

Nuna, nitukane, ila soma. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa linatoa hewa ya sumu. Haina harufu wala haina rangi, haipigi hodi. Anayeivuta anahisi usingizi na kichwa kumuuma, basi. Kichwa cha Fundi Saa si uzee! Zile nyufa tulizokuwa tukizilaani ndizo zilizokuwa zinatuokoa, zilikuwa zinatoa ile hewa nje kabla haijatupata. Sasa mmeziziba zote. Moto utoke nje, vitambaa vitoke, leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Nimempigia Fundi Saa, hapatikani. Nimempigia Mama Sufuria, nikamweleza polepole. Akanicheka. Akasema, "Wewe mtoto wewe, si ofisi yenu yenyewe iliyosema nyumba zetu ni bora? Tuamini lipi?" Nimeomba ruhusa ya kuja, nikaambiwa nisubiri uzinduzi wa sera upite, na sasa naambiwa nisubiri kitabu chake kichapwe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi niko mbali na fimbo yenyewe ni hii karatasi.

Uzinduzi umefanyika jana. Ukumbi ulikuwa na viti vya kitambaa chekundu, karibu rangi ile ile ya turubai letu. Wakasoma kwamba nyumba za safu za zamani zimeonekana kuwa imara, hivyo fedha zitaelekezwa kwingine, na ruzuku ya mafuta ya kupashia joto itaondolewa huko kwenu kwa kuwa haihitajiki. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, Shangazi. Mikono ilijiendea tu, kisha nikaitazama.

Hukunitajia kikohozi katika barua yako. Nimeona.

Nakuomba. Hii siyo aibu tena. Nijibu hata neno moja.

Mwanao


Tarehe 4 Julai

Mwanangu,

Fundi Saa ametutoka.

Asubuhi ile niligonga ukuta, nikaweka kiganja. Ukuta haukujibu. Nikasema mzee kazidiwa na usingizi, joto limemnogea. Nikatandika kitanda, nikagonga tena. Nikavaa khanga nikatoka nje nikagonga mlango, kisha nikamwita Mama Sufuria. Nilizungusha ufunguo wake alioniachia, lakini mlango ulikataa kufunguka kwa sababu ya ule mto wa chini. Tulisukuma wawili, haukusogea, mpaka wenzetu wengine walipokuja kuongeza mabega. Nilishona vizuri, mwanangu, kwa mshono wa mara mbili, ili usichanike.

Alikuwa amelala kiubavu amekunja mikono chini ya shavu. Uso wake mwekundu kidogo, mzuri, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Muuguzi wa zahanati aliingia akatazama jiko, akatazama madirisha, akatuambia sote tutoke nje haraka. Yeye aliliona hapo hapo.

Tumemzika.

Barua yako ya Juni ilikuwa chini ya cherehani. Sikuifungua. Nilijua ni habari za vitambaa, nikasema mtoto huyu amezidi, akae kwanza. Ilikaa pale imefungwa na mimi naendesha cherehani juu yake. Niliifungua baada ya mazishi. Umeandika kichwa chake si uzee. Ungenigombeza ningefurahi, lakini najua hutanigombeza, na hilo ndilo linaloniua.

Nimewaambia wote. Nilisimama barabarani nikasema neno lilikuwa hewa, si mvua, na tungekaa kimya tungepata milango, na mimi nilijua tangu Aprili. Nilingoja wanitukane. Mama Sufuria aliingia kwake akaanza kuvuta magazeti dirishani. Tumetoa vyote. Pale nje kuna kilima cha vitambaa, watu wanakipita kwa mbali. Gauni lako nimelifua.

Baridi imerudi ndani kama mwenye nyumba. Kwa Fundi Saa pia tumefungua kila kitu.

Basi mwambie mkubwa wako. Nyumba yangu inavuja. Nyumba zetu zote zinavuja. Andika hivyo, andika na jina langu.

Shangazi yako


Tarehe 27 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo na pole. Pole sana. Ile saa yangu aliyoitengeneza sikuwahi kuifuata, na ndicho ninachokifikiria, upuuzi wa saa, badala ya kumfikiria yeye. Ninalia njiani kwenda kazini na watu wananipisha.

Sitakugombeza. Ulikuwa unanisitiri. Neno lilikuwa langu, na kanuni zilikuwa zetu.

Barua yako niliipeleka kwa mkubwa. Safari hii hakucheka. Alikaa nayo, akaenda nayo kwa wakubwa zake. Wakasema kitabu cha sera kimeshachapwa, safu nzima haiwezi kurudiwa, ila kwa kuwa kuna kifo, itarudiwa nyumba moja tu, ile ya tukio. Ikionekana inavuja, itakuwa ushahidi kwamba vipimo vya kwanza vilikosewa, na safu yote itafikiriwa upya. Nilishukuru mpaka nikajiaibisha.

Kimya alikuja huko juzi. Hukumwona kwa sababu alirudi bila kushusha feni. Alikuta mlango umefungwa na nyumba haina mtu. Kanuni ni ile ile: nyumba hupimwa jinsi inavyokaliwa. Isiyokaliwa haipimwi. Amerudi na sanduku lake, amekaa mezani kwake, na kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema sentensi nyingi mfululizo. Sitaziandika hapa.

Kibali kiko wazi mpaka mwisho wa Agosti, endapo mtu atahamia. Nani atahamia nyumba ya marehemu, katikati ya kipupwe, haina hata kitambaa dirishani? Wameandika hivyo ili faili lifungwe bila mtu kuonekana amelifunga. Nimewajua.

Kwa hiyo nimechoka, Shangazi. Njoo kwangu. Chumba ni kidogo na mlango haufunguki vizuri, lakini tutalala wawili kama zamani. Acha hiyo safu. Nitakutumia nauli, fungasha cherehani tu. Kifua chako hakitauweza huu mwezi. Niandikie siku utakayofika, nije stendi.

Mwanao


Tarehe 8 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Kaka yako amenitumia blanketi zito kutoka mgodini. Mwandikie umshukuru kwa niaba yangu, mimi vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kama mwandiko unavyoonyesha.

Barua yako nimeifungua hapo hapo mkononi mwa tarishi. Siku hizi sikalii barua.

Sitakuja kwako. Nimehama, lakini sikwenda mbali. Ufunguo wa Fundi Saa ninao tangu alipofiwa na mkewe, aliniachia akasema, "Nikizidiwa unifungulie." Mama Sufuria alinisaidia kuhamisha kitanda huku akinisema njia nzima. Cherehani nimeiacha kwangu. Saa zake nimeziacha zilivyo, zinasimama moja moja, na sizitii ufunguo kwa sababu sijui kazi ile.

Nyufa za madirisha ziko wazi kama kiwanda kilivyotuachia. Upepo unapita juu ya kitanda, unazunguka unatokea chini ya mlango. Jiko liko nje, limepinduliwa. Nimekaa na blanketi la kaka yako na gauni lako la shule nimelifunga shingoni. Kikohozi ni cha asubuhi, na cha mchana, na cha usiku. Nakuambia kwa sababu nimeacha kuficha.

Asubuhi nagonga ukuta mara mbili kwa mazoea, naweka kiganja. Halafu nakumbuka kwamba upande wa pili ni kwangu.

Usije kunitoa. Najua utataka. Ukinitoa, nyumba itakuwa tena haina mtu, na Mama Sufuria na wenzake watabaki na neno langu la Aprili mpaka wafe mmoja mmoja. Kimya akija na kuniuliza, Mama, mnaishi hivi, nitamwambia ndivyo. Akiuliza siku zote, nitamwambia siku zote. Safari hii sitakuwa nimemdanganya.

Mwambie mkubwa wako nyumba inakaliwa. Inavuja, mwanangu, inavuja kila mahali. Waje wapime, lakini waje upesi.

Shangazi yako